Chuo Chenye Jina Kina Faida Gani Maishani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipoi. Anapiga shangazi wa Moshi, anapiga mama wa jumuiya, hata mlinzi wa jengo la jirani hunisubiri getini na cheti cha mwanawe kwenye bahasha. Nimekaa miaka 11 kwenye kitengo cha rasilimali watu hapa Dar es Salaam, basi watu wanaamini kuna siri ninayoijua. Siri sina. Ninachokijua nimekipata kwa kusoma CV za watu hadi macho yakauma, na kwa kukaa kwenye usaili upande wa wanaouliza. Nami nilisoma chuo cha mkoani ambacho nikikitaja, anayenisikiliza huuliza kwanza kiko wapi. Kaka yangu alisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo mjadala huu tunao mpaka mezani kwetu.

Chuo chenye jina ni kipi hasa?

Kila ukoo una orodha yake. Wengi wakisema chuo kikubwa wanamaanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile ambacho jengo lake la Nkrumah lilichorwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla haijageuka sarafu. Lakini waulize wenye fani zao uone orodha inavyobadilika. Daktari atakutajia Muhimbili. Bwana shamba atakutajia SUA na hatakuelewa ukimwambia kuna pengine. Mpima viwanja ni Ardhi, mtu wa utawala na serikali za mitaa ni Mzumbe, mhasibu atakwambia IFM inamtosha. Jina la chuo linatembea na fani.

Na wazazi wana yao. Baba akisema "chuo kinachoeleweka" mara nyingi anamaanisha chuo alichokisikia yeye akiwa kijana. UDOM ilianza 2007, imeshatoa wahitimu ambao leo ni mabosi, lakini kuna wazee bado wanaiita "hicho kipya cha Dodoma".

Nijibu kwa kifupi: kina maana au hakina?

Kina maana kwa asiye na mtu. Mwenye mtu hakimwongezei sana. Nitaeleza huko chini kwa nini nasema hivyo, maana watu wengi wanadhani ni kinyume chake.

Mbona viongozi wengi wakubwa walipita Makerere au Mlimani? Huo si ushahidi?

Ni ushahidi wa uhaba. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, ikakua, na kwa miaka mingi ndiko Mwafrika wa ukanda huu alikoweza kufika juu kabisa kielimu bila kupanda meli. Mwalimu Nyerere alikuwa pale kuanzia 1943 hadi 1945, kabla ya kwenda Edinburgh. Mkapa alihitimu pale 1962. Kibaki alipita pale, Obote alipita pale. Nyumba ikiwa na mlango mmoja, usishangae kukuta kila aliyemo ndani alipitia mlango huo.

Mlimani yenyewe ilizaliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Ilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, na Julai 1970 ikasimama kwa miguu yake. Kwa kizazi kile, kupata digrii na kupata kazi lilikuwa jambo moja. Kumbuka mgomo wa Oktoba 1966: wanafunzi waliandamana kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na moja ya malalamiko yao ni kwamba kwa muda wa utumishi huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mshahara wa kazi ambazo hata hawajazianza! Mwalimu akawarudisha nyumbani karibu 400, kisha akapunguza mishahara ya wakubwa, na wake ukiwemo. Nikiwasimulia wahitimu wa siku hizi kisa hiki, hakuna anayeshangaa kufukuzwa. Wanashangaa kwamba kulikuwa na mshahara unamsubiri mtu.

Milango ilipoongezeka, njia nazo ziliongezeka. Kikwete alisoma uchumi Mlimani akahitimu 1975. Magufuli alianzia ualimu Mkwawa kabla ya kupata digrii ya kemia na hisabati Mlimani 1988. Mzee Mwinyi alitokea kwenye ualimu. Rais Samia alianza kazi ya ukarani 1977 baada ya kidato cha nne, kisha akaenda Mzumbe, enzi hizo ikiitwa IDM, akamaliza stashahada ya juu ya utawala 1986.

Utafiti unasemaje?

Uliofanyika kwa kina zaidi ni wa Marekani, na kuna mmoja wa hapa jirani ambao mimi naupenda kuliko wote.

Shida ya swali hili ni kwamba waliosoma Harvard walikuwa vipanga kabla hawajakanyaga Harvard. Wakifanikiwa, utajuaje ni chuo au ni vichwa vyao? Wachumi wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walipata njia ya kulikwepa tatizo hilo. Walichukua watu walioanza chuo 1976 na kulinganisha wale waliochaguliwa na vyuo vikubwa wakaenda, na wale waliochaguliwa na vyuo vilevile lakini kwa sababu zao wakaenda vya kawaida. Matokeo yao, yaliyotoka 2002, yaliwakera wengi: miaka kadhaa baadaye vipato vyao vilikuwa karibu sawa. Isipokuwa kundi moja. Watoto waliotoka familia za kipato cha chini walifaidika kweli kwa kwenda chuo kikubwa. Waliporudia kazi hiyo baadaye kwa takwimu mpya, wakaona jambo lilelile kwa Wamarekani weusi, Wahispania, na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana.

Mwaka 2023 ukaja utafiti wa Raj Chetty, David Deming na John Friedman kuhusu vyuo 12 vya juu kabisa vya kule. Walikuta kwamba kipato cha wastani hakibadiliki sana, sawa na walivyosema wenzao. Ila kwenye kilele mambo ni tofauti: aliyepita huko nafasi yake ya kuajiriwa na makampuni yenye hadhi inakaribia mara tatu ya yule aliyesoma chuo kizuri cha umma. Vyuo hivyo vinachukua Wamarekani wachache mno, hawafiki hata mmoja kati ya 100, lakini robo ya maseneta wametoka huko. Tena walikuta kwamba mtoto wa matajiri wa juu kabisa ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia huko kuliko mtoto wa familia ya kati mwenye alama zilezile za mtihani. Kwa hiyo hata kule, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na visu vinanunuliwa.

Sasa huu wa jirani. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti waliangalia shule za sekondari za kitaifa za Kenya, zile ambazo mtoto akichaguliwa ukoo mzima unachinja. Walilinganisha waliopenya kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, yaani watoto wanaolingana. Matokeo yao yalitoka 2014: kwa wengi, kwenda shule ya kitaifa hakukuongeza alama za KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, kwa kiasi cha kuonekana. Shule hizo zinang'aa kwa sababu zinapokea waliokwisha kung'aa.

Nikiwasomea wazazi sehemu hiyo, hunyamaza kidogo halafu huuliza fomu za kujiunga zinatoka lini.

Waajiri wanaangalia jina la chuo kweli?

Nitakwambia ilivyotokea mwaka mmoja. Tulitangaza nafasi mbili za ofisa hesabu. Maombi yalipofungwa yalikuwa mia nane na ushee. Ijumaa saa tisa alasiri bosi akapita mlangoni kwangu na kusema anataka majina 20 Jumatatu asubuhi. Nikabeba kompyuta nyumbani.

Kwanza niliondoa wasio na sifa: aliyesoma sosholojia akaomba uhasibu, aliyetuma barua yenye jina la kampuni nyingine. Hao walikuwa wengi kuliko unavyodhani. Kisha nikaondoa kwa GPA, ule wastani wa alama za chuo. Zikabaki kama 150. Ilikuwa Jumamosi usiku, umeme umekatika, natumia chaji iliyobaki. Na hapo ndipo nilipojikamata: jicho langu lilikuwa limeacha kusoma barua. Linakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa chuo. Nikiona chuo ninachokijua, naweka kulia. Nisichokijua, naweka kushoto. Mimi, niliyesoma chuo ambacho watu wanauliza kiko wapi.

Jumapili baada ya ibada nikarudi kwenye kushoto kule na kusoma upya. Kulikuwa na binti aliyesoma chuo binafsi cha kanda ya ziwa. Barua yake ilikuwa fupi. Alieleza kwamba akiwa fildi kwenye SACCOS moja, alilinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha la miezi sita akakuta makato yaliyoingizwa mara mbili. Akaambatanisha na karatasi aliyoitengeneza, majina ya wateja ameyafunika kwa wino mweusi. Kwenye usaili alipewa mtihani wa Excel akamaliza kabla chai haijapoa. Aliipata ile kazi. Lakini angalia: aliipata kwa sababu kulikuwa na Jumapili. Bosi angesema anataka majina Jumamosi, angekuwa bado yupo kushoto.

Ndiyo maana nasema jina la chuo ni kifaa cha mtu aliyechoka. Linafanya kazi kwenye mchujo wa kwanza, sekunde chache, tena zaidi kwa mtu asiye na uzoefu. Ukishakaa mbele ya wanaokusaili, linabaki kuwa salamu. Baada ya miaka mitatu kazini hakuna anayekuuliza ulisoma wapi, ila wanaotaka kujua kama mlisoma pamoja na mdogo wao.

Na serikalini?

Serikalini hali ni afadhali. Maombi yanapita Sekretarieti ya Ajira, kuna mtihani wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano, na mkishaajiriwa kwenye cheo kimoja ngazi ya mshahara ni moja. Mwalimu aliyetoka Mlimani na aliyetoka chuo kishiriki cha mkoani wakianza kazi na digrii, hakuna mwenye mshahara mnono kuliko mwenzake.

Nimechaguliwa kozi nisiyoitaka chuo kikubwa, na niliyoiomba kwa moyo chuo cha kawaida. Nithibitishe kipi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na huulizwa usiku, siku ya mwisho ya kuthibitisha, mtu ana ile namba ya siri ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mkononi na kijasho kinamtoka.

Mimi huuliza kwanza: fani yako ina bodi? Kuna fani ambazo baada ya digrii lazima upite kwenye chujio moja na wenzako wa nchi nzima. Mhasibu anasubiriwa na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Mhandisi anasubiriwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Daktari ana mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini na baraza lake. Mwanasheria anayetaka kuwa wakili lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School, na hapo usidhani digrii itakubeba: mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kwenye fani za namna hii chagua kozi, chuo kitafuata. Mtu mwenye CPA, cheti cha bodi ya wahasibu, hatuulizi alianzia wapi. Tunauliza anataka mshahara kiasi gani, halafu tunaogopa jibu.

Fani isiyo na bodi ni hadithi nyingine. Sosholojia, mawasiliano, masomo ya maendeleo, utawala, lugha: hapo mwajiri hana kipimo cha nje, kwa hiyo anashika alichonacho, yaani chuo na GPA. Kama kozi mbili zinafanana na hazina bodi, nenda kwenye chuo chenye jina bila kusita.

Ila usikubali kozi usiyoiweza kwa ajili ya jina. Nimemwona kijana amechukua kozi yenye hesabu nzito ili tu aende Dar, mwaka wa kwanza sapu tano, mwaka wa pili amedisko, amerudi nyumbani na fulana ya chuo.

GPA kubwa chuo kisichojulikana, au GPA ndogo chuo kikubwa?

GPA kubwa. Makampuni mengi na mabenki yakitangaza nafasi za wahitimu wapya huweka kiwango, mara nyingi daraja la pili la juu, yaani 3.5 kwenda juu. Mfumo wa maombi wa mtandaoni ukiwekewa 3.5, mwenye 3.3 anatupwa nje na kompyuta, na kompyuta haijui Mlimani ni wapi. Ukitaka kubaki chuoni kufundisha, wanataka 3.8. Daraja la kwanza linaanzia 4.4 na linaheshimika popote.

Kuna wanaosema GPA za vyuo vidogo ni za bure. Wengine wamewahi kuniambia hivyo kwenye kikao, mbele yangu, bila kujua nilikosoma. Sikusema kitu. Nilisubiri mtihani wa vitendo useme.

Mbona Bakhresa hakwenda chuo na ni tajiri kuliko maprofesa wote?

Ni kweli. Said Salim Bakhresa aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na biashara ndogo ya chakula, kisha mgahawa, kisha kusaga nafaka, leo hakuna kiosko kisicho na bidhaa ya Azam. Upande wa pili yupo Mohammed Dewji aliyehitimu Georgetown, Marekani, 1998. Watu hupenda kuwapambanisha hawa wawili kama Simba na Yanga (na mmoja wao Simba tunamjua), kwamba mmoja anathibitisha chuo na mwingine anakikanusha.

Mimi naona hawathibitishi chochote kuhusu chuo. Dewji aliporudi alikuta biashara ya baba yake imesimama, akaikuza sana, sifa zake hazina ubishi. Lakini angesoma chuo cha kawaida, ile biashara isingehama. Bakhresa naye ni mmoja. Kwa kila Bakhresa kuna maelfu walioacha shule na miaka 14 ambao hadi leo wanasukuma mkokoteni Kariakoo, na hao hawahojiwi na televisheni. Mzee Reginald Mengi, kwa upande wake, alisomea uhasibu Uingereza, akafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu, na biashara yake ikaanza na kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Ukitaka mfano wa kumpa mwanao, mpe huo: elimu iliyompa kazi, kazi iliyompa mtaji na akili ya hesabu.

Umesema mtoto wa maskini ndiye anayefaidika zaidi na chuo kikubwa. Kwa nini?

Kwa sababu ya kundi la WhatsApp.

Siku moja tulikuwa tunakula ugali kwa kaka, simu yake ikatetema. Lilikuwa kundi la darasa lao la Mlimani. Mmoja ameandika kwamba ofisini kwao kuna nafasi mbili za ugavi, tangazo linatoka Jumatatu, mwenye mdogo wake aandae vyeti mapema na ahakikishe barua ya serikali ya mtaa ipo. Haikuwa rushwa, tangazo lilitoka kweli na kila mtu aliomba. Lakini mdogo wa mtu fulani alikuwa na siku tano za kujiandaa ambazo wengine hawakuwa nazo. Nikafungua kundi la darasa letu la chuo. Tulikuwa tunachangia msiba.

Tumezaliwa tumbo moja, mama yetu alikuwa anauza vitenge sokoni. Kaka alikaa miezi mitano tu kitaa baada ya chuo, na kazi ya kwanza aliambiwa na mwenzake waliyekuwa wanabebana chumba kimoja hosteli, yaani mwenye kitanda na asiye na kitanda. Mimi nilikaa miaka miwili, nafundisha tuisheni jioni, na kazi yangu ya kwanza niliiona kwenye tangazo lililobandikwa ukutani kanisani. Akili hatuzidiani. Ukimuuliza yeye atakwambia vingine, lakini cheti changu cha kidato cha sita kina alama nzuri kuliko chake.

Mtoto wa mkurugenzi kundi hilo analo tangu kuzaliwa. Ni wajomba zake, ni wageni wanaokuja Krismasi. Mtoto wa mama yangu analipata chuoni, au halipati kabisa. Ndiyo maana huwa nasikitika nikiona kijana wa kijijini, mwenye alama za kuingia popote, anachagua chuo cha karibu kwa kuogopa maisha ya Dar. Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, haumfuati mwenye chuo kikubwa. Unaangalia uhitaji wake na kozi aliyochaguliwa, na ukianza kazi makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi popote uliposoma. Hofu ya Dar inaisha mwezi wa pili, ukishajua daladala za Makumbusho.

Mimi ni mzazi. Niuze kiwanja nimpeleke shule au chuo cha gharama ili apate jina?

Mama, usiuze. Kwa sekondari, rejea hapo juu kwenye utafiti wa Kenya. NECTA, Baraza la Mitihani, wenyewe mwaka 2023 waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kwa hiyo hata lile bango la "kumi bora kitaifa" limeanza kuwa la zamani. Kwa chuo, vyuo vingi vyenye jina nchini ni vya umma na ada yake ni nafuu kuliko vingi binafsi. Ukiona chuo kinakutaka uuze kiwanja, uliza wahitimu wake watatu wako wapi sasa. Usiulize ofisi ya udahili, uliza wahitimu.

Nikipata chuo cha nje je?

Inategemea nje ipi. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii mfuko wa mzazi wanapochagua, hata kwa mwanafunzi wa kigeni, na ukichaguliwa wanaziba pengo la gharama. Tatizo ni kupenya: Harvard huchukua pungufu ya watu watano kati ya kila 100 wanaoomba. Ukipata, nenda, usiniulize hata mimi.

Lakini wengi wanaoniletea barua za nje wamepewa na wakala, za chuo ambacho hata kwenye nchi yake hakijulikani. Hapo angalia mambo mawili kabla hujalipa: TCU watakupa cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla hujasafiri? Na ukirudi, digrii yako watakubali kuitambua? Kwa fani zenye bodi, waulize na bodi. "Amesoma nje" lilikuwa neno zito enzi za baba zetu. Siku hizi tunauliza nje wapi.

Sikupata pointi za digrii. Nimepitwa?

Hujapitwa, umezunguka tu. Digrii inataka angalau pointi 4 kwa masomo mawili, na ukizikosa njia ya stashahada ipo: ukimaliza na GPA ya 3.0 unaomba digrii kama wengine, tena ukiwa na mikono inayojua kazi. Maabara na warsha nyingi nilizopita zinaendeshwa na watu wa njia hii. Fundi wa viyoyozi aliyesoma chuo cha ufundi cha VETA ndiye mtu pekee ofisini kwetu ambaye bosi humpigia simu mara tatu kwa upole.

Tayari nipo chuo kisicho na jina. Nifanye nini?

Tafuta fildi mahali penye kazi, hata kama ni bila posho, na usikubali kutumwa chai wiki nane. Omba karatasi zipite mikononi mwako. Weka kumbukumbu ya ulichokifanya kwa namba na tarehe, kama yule binti wa SACCOS. Kama fani yako ina bodi, anza mitihani yake mapema kadiri wanavyoruhusu. Jenga kundi lako: wahitimu wa mwaka mmoja juu yako wako kazini tayari, watafute kwa majina, wasalimie kabla hujawa na shida. Na ukiweza, chukua digrii ya pili kwenye chuo chenye jina, hata ya jioni. Ni mlango wa nyuma lakini unaingia nyumba ileile.

Kwenye CV niandike jina la chuo kwa herufi kubwa?

Hapana. Andika kozi, chuo, mwaka na GPA kwenye mstari mmoja, kisha ulichowahi kukifanya. Na tafadhali hakikisha namba ya simu inapatikana. Kwa zile nafasi mbili za hesabu, mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa na digrii ya Mlimani na GPA ya 4.1. Nilimpigia Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi. Laini ilikuwa imefungwa.